Mimea ya mapambo: ipi inafaa katika nyumba yenye mbwa, paka, mbuzi au kuku?

Katika miji ya Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, nyumba na zizi havikai mbalimbali. Paka hulala barazani, mbwa hulinda lango, mbuzi hufungwa kamba kando ya uzio, na kuku hupekua chini ya dirisha. Mimea ya mapambo nayo huoteshwa hapo hapo: katika vyungu, katika makopo matupu ya rangi, na katika uzio wa miti hai unaozunguka nyumba.

Baadhi ya mimea hiyo haina madhara yoyote. Mingine inaweza kumuua mbuzi kwa majani machache tu, au kuharibu figo za paka kwa chavua iliyonata kwenye manyoya yake. Kwa familia inayotegemea mbuzi wawili kulipa karo ya muhula, kosa la kuchagua mmea lina bei yake.

Makala haya yanaeleza kwa nini mimea mingi ya mapambo ina sumu, ni ipi inayohitaji tahadhari, ni ipi inayoweza kuwekwa bila wasiwasi, na hatua za kuchukua iwapo mnyama amekula asichopaswa kula.

Kwa nini mimea mizuri huwa na sumu?

Mmea hauwezi kukimbia. Ukivamiwa na wadudu au mbuzi, kinga yake ni miiba, utomvu unaowasha, au kemikali chungu iliyofichwa ndani ya majani na mbegu. Sumu ni silaha ya kiumbe kisicho na miguu.

Mji wa Kasese uko kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, chini ya milima ya Rwenzori, mahali penye joto kali na vipindi vya ukame. Bwera iko karibu na mpaka wa Mpondwe, mkabala na Kasindi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na nyuma yake kuna vilima vinavyolimwa kahawa. Mtu anayepanda uzio katika maeneo kama hayo hutafuta sifa mbili: mmea usiodai maji mengi, na mmea usioliwa na mbuzi wa jirani. Sifa ya pili ndiyo inayoleta sumu nyumbani. Mmea ambao mbuzi anaukwepa mara nyingi anaukwepa kwa sababu.

Kiswahili kina neno moja, ua, kwa chanuo linalopendeza na kwa uzio unaolinda nyumba. Katika suala hili maana zote mbili zinahusika, kwa sababu hatari kubwa zaidi kwa wanyama wa nyumbani mara nyingi haiko katika chungu cha sebuleni, bali katika uzio.

Ikiwa mbuzi huukwepa mmea wenye sumu, ajali hutokeaje? Hutokea pale mnyama anapokosa hiari. Mbuzi aliyefungwa kamba fupi atakula kilicho karibu naye baada ya majani mema kwisha. Aliyetupiwa matawi yaliyopogolewa atayala, maana majani yaliyonyauka hupoteza sehemu ya uchungu wake huku sumu ikibaki. Mtoto wa mbwa hujifunza dunia kwa meno yake. Paka hujilamba manyoya, na chochote kilichonata hapo huingia tumboni.

Salama kwa nani?

Mtu mwenye simu ya intaneti anaweza kupata orodha nyingi za mimea salama. Orodha inayonukuliwa mara nyingi zaidi ni ya ASPCA, shirika la Marekani la kuzuia ukatili dhidi ya wanyama lililoanzishwa mwaka 1866. Orodha hiyo ina manufaa, lakini iliandaliwa kwa kuwafikiria mbwa, paka na farasi. Haisemi lolote juu ya mbuzi aliye nyuma ya jikoni, sungura aliye kizimbani, wala vifaranga.

Wanyama hao hawafanani. Ini la paka, mnyama wa jamii inayoishi kwa nyama, lina uwezo mdogo wa kuvunjavunja baadhi ya kemikali za mimea. Mbwa ana uwezo zaidi, lakini ni mlafi na humeza mbegu na matunda bila kuchagua. Mbuzi ana matumbo yenye vijidudu vinavyosaidia kupunguza makali ya baadhi ya sumu, jambo linalowafanya watu waamini kwamba mbuzi hadhuriki. Imani hiyo si sahihi: zipo sumu zinazopita kinga hiyo bila shida. Sungura, kama farasi, hawezi kutapika, hivyo akishameza hawezi kukitoa alichomeza.

Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kununua mche lina sehemu tatu: ni salama kwa mnyama gani, sehemu gani ya mmea, na kwa kiasi gani? Mtoto wa binadamu anayetambaa naye aingizwe katika hesabu hiyo, kwa kuwa tabia yake ya kutia vitu mdomoni ni ileile ya mtoto wa mbwa.

Ndugu wa magimbi sebuleni

Mimea inayouzwa zaidi kwa ajili ya ndani ni ile inayostahimili mwanga hafifu. Wengi wao ni wa ukoo mmoja na magimbi: Dieffenbachia yenye majani mapana ya kijani na madoa meupe, Monstera yenye majani yaliyotoboka, Philodendron, Caladium yenye majani mekundu, Spathiphyllum yenye ua jeupe mfano wa kijiko, na Epipremnum, ule mtambaazi wenye majani ya umbo la moyo unaoning'inizwa dirishani.

Aliyewahi kumenya magimbi mabichi anaijua sumu ya ukoo huu bila kufundishwa. Mikono huwasha, na gimbi lisiloiva vizuri hukwaruza koo. Chanzo chake ni fuwele ndogo sana za kalisi oksaleti, zenye ncha kama sindano, zinazochoma ulimi na ufizi mara mmea unapotafunwa. Mbwa au paka aliyetafuna Dieffenbachia hutokwa na mate, hukwaruza mdomo kwa makucha, hukataa kula, na pengine hutapika. Mara nyingi hupona, kwa kuwa maumivu humfanya aache mapema, lakini koo likivimba sana anaweza kushindwa kupumua.

Mmea mwingine wa ukoo huo una asili ya Afrika Mashariki: Zamioculcas, wenye vikonyo vinene na majani yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Katika biashara ya dunia umepewa jina la Zanzibar. Huvumilia ukame na giza, sifa zinazoufaa mji kama Kasese, lakini nao una fuwele zilezile.

Sansevieria, mmea wenye majani marefu yaliyosimama kama panga, na jamaa yake Dracaena, mti unaofahamika kwa wengi kama masale na unaotumika kuwekea mipaka ya mashamba, ina saponini, kemikali itoayo povu kama sabuni. Paka na mbwa wakiila hutapika na kuharisha. Mshubiri hufanya vivyo hivyo: utomvu wa njano ulio chini ya ganda la jani lake huchafua tumbo. Mimea hii haiui kwa kawaida, na mwenye mbwa mzima asiyezoea kutafuna majani anaweza kuiweka mahali pa juu. Mwenye paka mdogo ni heri aiache.

Kalanchoe ni jambo jingine. Mmea huu mdogo wenye majani manene na vichanuo vya rangi nyekundu, njano au waridi unauzwa kama zawadi, lakini una kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo. Huko Afrika Kusini, jamii kadhaa za Kalanchoe na ndugu zake zinajulikana na wafugaji kwa kuua mifugo.

Na katika mashada ya maua ya harusi na misiba, lipo moja ambalo mwenye paka hapaswi kuliingiza ndani kabisa: yungiyungi wa jamii ya Lilium, wenye petali kubwa sita na chavua nyingi ya rangi ya kutu. Kila sehemu yake, pamoja na maji ya chombo lilimotiwa, huharibu figo za paka. Mwanzoni paka hutapika na kulala tu. Figo zinaweza kushindwa kabisa katika siku mbili tatu. Matibabu yanayoanza ndani ya saa 18 humpa nafasi nzuri. Yakichelewa, nafasi hiyo hupungua sana.

Uzio na bustani ya mbele

Nje ya nyumba, mmea wa kwanza wa kuutambua ni Nerium oleander. Ni kichaka chenye majani membamba magumu na maua meupe, ya waridi au mekundu, kinachopendwa mbele ya nyumba na ofisi kwa sababu huchanua hata wakati wa kiangazi. Jamaa yake, Cascabela thevetia, ana maua ya njano mfano wa kengele na tunda la kijani lenye mbegu ngumu ndani. Yote miwili ina glikosidi, kemikali inayofanya moyo upige polepole, bila mpangilio, kisha usimame. Hudhuru mbuzi, ng'ombe, mbwa, paka na binadamu. Hakuna kiasi chake kinachoweza kuitwa salama, na matawi yake yaliyokatwa yasitupwe karibu na zizi wala yasitumike kama kuni za kuchomea nyama.

Mnyaa, yaani Euphorbia tirucalli, ndio uzio wa kale wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Vijiti vyake vya kijani visivyo na majani vikivunjika hutoa utomvu mweupe unaochoma ngozi na mdomo. Ukiingia jichoni unaweza kumpofusha mtu au mnyama kwa muda. Mnyaa uliokomaa mwisho wa shamba hauna haja ya kung'olewa, lakini haufai mahali ambapo watoto wa mbwa hucheza au mbuzi hufungwa.

Cycas, mmea unaofanana na mnazi mfupi na unaopandwa katika bustani za hoteli na nyumba za kisasa, huharibu ini. Mbegu zake nyekundu au za machungwa ndizo kali zaidi: moja au mbili zinaweza kumuua mbwa. Brunfelsia, kichaka ambacho ua lake huanza likiwa la zambarau, siku inayofuata likapauka, kisha likawa jeupe, humletea mbwa mitetemeko na degedege baada ya kula matunda au maua yake.

Kuna pia mimea isiyopandwa na mtu lakini inayoachwa iote kwa kuwa inapendeza. Mnanaha, yaani Datura, na jamaa yake Brugmansia mwenye maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, huvuruga akili na moyo. Mbarika una mbegu zenye madoa, na mbegu iliyotafunwa hutoa risini, mojawapo ya sumu kali zaidi za mimea. Lantana, kichaka chenye maua madogo ya rangi mbili au tatu kwa pamoja, kililetwa kutoka Amerika ya kitropiki kama pambo na sasa ni gugu. Ng'ombe, kondoo na mbuzi wakila majani yake ini huumia, na ngozi isiyo na manyoya ya rangi nyeusi huungua kwa jua.

Jikoni na shambani

Makopo ya barazani hayana maua peke yake. Vitunguu maji, vitunguu vya majani na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu za paka na mbwa, vikiwa vibichi au vimepikwa. Dalili huchelewa kwa siku kadhaa: ufizi hupauka, mnyama huchoka na mkojo huwa na rangi ya kahawia. Mbwa anayelishwa makombo ya mchuzi wenye vitunguu kila siku anakula sumu kidogokidogo.

Kwenye miteremko ya Rwenzori ambako kahawa hulimwa, ikumbukwe kwamba kafeini iliyo katika buni, unga wa kahawa na machicha yake huupeleka mbio moyo wa mbwa na kumfanya atetemeke. Machicha yanayotupwa kwenye bustani kama mbolea yafukiwe vizuri.

Parachichi ni chakula chema kwa binadamu. Lakini majani na magome ya mti wake yana kemikali iitwayo persini inayodhuru moyo na viwele vya mbuzi, na ambayo ni hatari kwa sungura na kwa ndege wanaofugwa vizimbani. Tawi la mparachichi lisiwe kamwe chakula cha sungura. Maganda mabichi ya muhogo, hasa ule mchungu, hutoa sianidi. Yaanikwe juani hadi yakauke kabisa kabla ya kupewa mbuzi au nguruwe.

Mimea inayoweza kuwekwa bila wasiwasi

Orodha ya mimea salama si fupi, na mingi kati yake ni ya Afrika yenyewe.

Chlorophytum, mmea wenye majani membamba ya kijani yenye mstari mweupe, hutoa vikonyo virefu vyenye miche midogo kwenye ncha. Asili yake ni Afrika. Hustahimili kusahauliwa kumwagiliwa, na kila mche mdogo ukipandwa katika kopo huwa mmea mpya, hivyo jirani humpa jirani bila kununua. Paka huvutiwa na majani yake. Akiyala mengi atatapika kidogo, basi.

Saintpaulia ni ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya laini. Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Kijerumani katika eneo la Usambara, Tanzania ya leo, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la ukoo huo. Sasa linakaa kwenye madirisha ya dunia nzima, ilhali misitu lilikotoka inapungua. Halidhuru paka wala mbwa. Linapenda kivuli na ubaridi, hivyo litastawi kwa urahisi zaidi kwenye nyumba za vilimani kuliko katika joto la mji wa Kasese.

Impatiens walleriana, mmea wa Afrika Mashariki wenye maua mengi mepesi ya rangi mbalimbali, huota kwa kipande cha kikonyo kilichowekwa ndani ya maji. Kangaga wa jamii ya Nephrolepis hupendeza barazani penye unyevu. Yanunuliwe kwenye kitalu, yasing'olewe katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, eneo lililoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1994.

Haworthia inafanana na mshubiri mdogo lakini haina utomvu wake mbaya, na Echeveria yenye majani manene yaliyopangika kama waridi huvumilia kiu. Mchikichi mwembamba wa ndani uitwao Dypsis, wenye asili ya Madagaska, ni mbadala mwema wa Cycas. Waridi, alizeti, zinia na asumini ya kweli ni salama, ingawa miiba ya waridi ina yake. Mrihani hunukia, hutiwa kwenye chakula na haumdhuru mbwa wala paka. Mgomba wenyewe, mti wa kila boma, hauna sumu, na mbuzi hula majani yake.

Paka anayetafuna kila jani anaweza kupewa kopo lake mwenyewe la ngano au shayiri changa. Mtama mchanga usitumike, kwa kuwa chipukizi zake zina sianidi.

Majina yanavyopotosha

Katika Kasese na Bwera mmea mmoja unaweza kuitwa kwa Kikonjo, Kitooro, Kiganda, Kiswahili cha Uganda na Kiswahili cha Kongo. Muuzaji naye ana jina lake la biashara. Utajiri huo wa lugha ni jambo la fahari sokoni, lakini kwa suala la sumu unaweza kuleta maafa.

Asumini ni mfano. Asumini ya kweli, jamii ya Jasminum, ni salama. Lakini Cestrum nocturnum, kichaka kinachonukia usiku, huitwa asumini ya usiku na wengi, na matunda yake yana sumu. Yungiyungi ni mfano mwingine: Spathiphyllum huitwa yungiyungi kwa sababu ya weupe wake, na huwasha mdomo tu, ilhali Lilium huua paka. Gloriosa, mtambaazi wa porini wenye petali zilizopinda kama ndimi za moto, naye huhesabiwa kuwa yungiyungi, na ana sumu kali hasa katika kiazi chake. Mmea wenye majani kama sindano laini unaouzwa kama kangaga pengine ni jamii ya Asparagus, ambayo si kangaga hata kidogo, na matunda yake mekundu huchafua tumbo.

Ndiyo sababu makala haya yanatumia majina ya kisayansi. Jina hilo halibadiliki mtu akivuka mpaka wa Mpondwe. Mnunuzi asiyelijua anaweza kupiga picha jani, ua na tunda, kisha akamuonyesha mwalimu wa biolojia, bwana shamba au daktari wa mifugo kabla ya kuupeleka mmea nyumbani. Mmea usiotambulika usinunuliwe.

Kuuweka na kuutunza

Kuning'iniza chungu kunasaidia kwa mbwa na mbuzi. Hakusaidii kwa paka, ambaye hupanda, wala kwa majani yanayoanguka sakafuni. Njia iliyo bora ni kutouweka kabisa mmea hatari katika nyumba ya mnyama anayeweza kudhurika nao.

Mmea salama nao unaweza kuwa katika udongo usio salama. Miche ya kitalu huenda imepuliziwa dawa ya wadudu. Ioshwe majani kwa maji na itengwe na wanyama kwa siku kadhaa. Mbolea ya chumvichumvi na chembechembe za kuua konokono zisinyunyizwe mahali kuku wanapopekua. Maji yaliyosimama kwenye kisahani cha chini yamwagwe, kwa kuwa paka huyanywa na mbu hutagia humo.

Matawi ya uzio yanapopogolewa, yakusanywe siku hiyohiyo na kufukiwa kwenye shimo lisilofikiwa na mifugo.

Mnyama akila mmea wenye sumu

Dalili hutofautiana: kutokwa na mate, kutapika, kuharisha, kuvimba tumbo, kutetemeka, kuyumba, ufizi kupauka, au moyo kwenda polepole kuliko kawaida. Zikionekana, au mnyama akikutwa anatafuna mmea unaoshukiwa, hatua ni hizi.

Kwanza, aondolewe penye mmea na mabaki yatolewe mdomoni, ikiwa hilo linawezekana bila kuumwa. Mdomo, macho au ngozi iliyoguswa na utomvu ioshwe kwa maji mengi safi.

Pili, asilazimishwe kutapika. Utomvu uliochoma koo ukishuka utalichoma tena ukipanda, na mnyama anayetetemeka anaweza kuvuta matapishi hadi kwenye mapafu. Kwa sababu hiyohiyo asimiminiwe maziwa, mafuta ya kula wala maji ya chumvi. Desturi ya kumnywesha maziwa mnyama aliyekula sumu imeenea, lakini maziwa si dawa ya sumu hizi, na chumvi nyingi ni sumu yenyewe.

Tatu, tawi la mmea lenye jani, ua na tunda lichukuliwe katika mfuko, na saa ambayo mnyama alikula ikumbukwe. Kwa daktari, vitu hivyo viwili vina thamani kuliko maelezo marefu.

Nne, daktari wa mifugo apigiwe simu mara moja, kabla ya dalili kuzidi. Walio mbali na daktari binafsi wanaweza kuanzia ofisi ya mifugo ya wilaya, ambayo kazi yake haiishii kwa ng'ombe. Kampala, kilipo Chuo Kikuu cha Makerere na wataalamu wake wa tiba ya mifugo, iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Kasese, na sumu ya moyo haingoji safari hiyo. Kwa hiyo namba ya daktari wa karibu iandikwe leo, wakati hakuna anayeumwa.

Mtoto akila mmea wenye sumu, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri dalili, pamoja na tawi la mmea huo.

Nyama na maziwa ya mnyama aliyekufa au kuugua kwa sumu yasiliwe wala kuuzwa, na mzoga usitupwe mahali ambapo mbwa watauta. Uzikwe kwa kina, kisha mmea uliosababisha utafutwe na kung'olewa, mkono ukiwa ndani ya glavu au mfuko wa plastiki, kabla mnyama mwingine hajafungwa mahali hapo.